Mtoto Mwenye Usonji Si wa Kufichwa

Tuseme unakaa Mandewa, mkoani Singida. Ni wakati wa palizi. Watu wamekwenda mashambani kupalilia alizeti na mtama. Katika nyumba ya jirani unasikia sauti ya mtoto. Mtoto huyo ana miaka 6, lakini hasemi. Amefungwa kamba mguuni, na kamba imefungwa kwenye nguzo.

Mama yake si mtu mbaya. Anaogopa mtoto asije akakimbilia barabarani au Ziwa Singidani. Hana mtu wa kumwachia. Je, hakuna njia nyingine? Njia ipo. Soma habari hii, kisha umweleze jirani yako.

Usonji ni nini?

Usonji ni ulemavu wa tangu utotoni. Ubongo wa mtoto umekua kwa namna tofauti na ya wenzake. Kwa hiyo mtoto huona shida kuzungumza na kuchangamana na watu. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii. Watoto kama hao walikuwapo hata kabla ya hapo, lakini watu hawakuwaelewa.

Dalili zake ni hizi:

1. Ukimwita jina, mara nyingi hageuki.
2. Hapendi kumtazama mtu usoni.
3. Anachelewa kusema, au hasemi kabisa. Wengine hurudia maneno uliyoyasema.
4. Anarudia jambo lile lile. Huenda akapanga vijiti mstari mmoja kutwa nzima.
5. Kelele humsumbua sana. Huziba masikio na kulia.
6. Mambo yakibadilika ghafula, hukasirika.

Watoto hawa hawafanani. Mmoja hasemi kamwe. Mwingine anasoma na kuhesabu vizuri, ila hajui kucheza na wenzake. Tena, mtoto asiyegeuka akiitwa huenda ni kiziwi. Kwa hiyo kwanza apimwe masikio.

Usonji hautokani na nini?

Usonji si laana. Si uchawi. Hauambukizi. Hautokani na chanjo. Wala si kosa la mama au la malezi yake. Baba anayemfukuza mke kwa sababu ya mtoto huyu anamwonea.

Hakuna dawa ya kuondoa usonji. Mtu akikuambia uuze mbuzi wako ili amponye mtoto, usikubali. Lakini baadhi ya watoto hawa wana kifafa pia. Kifafa kina dawa, na dawa hiyo hutolewa hospitali. Mpeleke mtoto mapema.

Nyumbani ufanye nini?

1. Sema naye kwa maneno machache. Usiseme, "Amka, nawa, uje ule, kisha ufagie." Sema, "Nawa." Akimaliza, sema, "Kula."
2. Mwonyeshe kwa mkono au kwa kitu. Ukitaka kumpa maji, mwonyeshe kikombe. Baadaye ataleta kikombe mwenyewe akisikia kiu. Hayo ndiyo mazungumzo yake.
3. Fuata utaratibu ule ule kila siku. Kukiwa na safari au mgeni, mwonyeshe mapema.
4. Akilia na kujipiga, usimchape. Mpeleke mahali penye utulivu. Kaa karibu naye mpaka atulie.
5. Mfundishe kazi moja, hatua kwa hatua. Anaweza kulisha kuku, kuchambua maharagwe au kukoka moto. Akifanya vizuri, msifu.
6. Mlinde asipotee. Funika kisima. Weka komeo kwenye lango la ua. Waonyeshe majirani mtoto huyo, ili wakimwona njiani wamrudishe. Mtoto aliyefichwa hajulikani, na akitoka hakuna wa kumrudisha.

Kamba haifai. Humuumiza mguu na kumzuia asijifunze. Tena nyumba ikishika moto, hawezi kukimbia.

Mama asiachwe peke yake

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Mama huyu halali vizuri. Haendi sokoni wala msibani. Baba ashike zamu. Bibi na shangazi washike zamu. Wakati wa palizi, majirani watatu wanaweza kupeana siku za kumwangalia mtoto. Watoto wengine wa nyumba hiyo nao waelezwe hali ya ndugu yao, wala wasisahauliwe.

Msaada uko wapi?

Mandewa kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mpeleke mtoto akapimwe. Muone pia ofisa ustawi wa jamii. Halafu mwone mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu, aeleze ni shule ipi yenye walimu wa elimu maalumu.

Usiende kwa kuomba huruma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya matibabu na elimu kama wengine. Kusoma ni haki yake.

Sasa rudi kwa jirani yako. Usimgombeze. Mpe pole, kisha mwambie, "Mama, kesho nitakaa na mtoto. Nenda shambani." Hapo kamba itafunguliwa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Taja dalili tatu za usonji.
2. Kwa nini si vizuri kumficha mtoto mwenye ulemavu?
3. Je, katika mtaa wenu yuko mama anayelea mtoto wa namna hii peke yake? Darasa letu litamsaidia kwa siku zipi?