Mtindi, Sukari na Meno ya Mtoto

Tanga imezoea maziwa kuliko miji mingi ya pwani. Wafugaji wadogo waliunganisha vyama vyao vya ushirika chini ya muungano wa TDCU (Tanga Dairies Cooperative Union) mwaka 1993, kiwanda cha Tanga Fresh kikaja katika muongo huohuo, na leo mtindi wa pakiti ni bidhaa ya kawaida kwenye maduka ya Chumbageni. Kwa hiyo mzazi wa hapa akisikia kwamba maziwa yenye bakteria rafiki, yaani probiotiki, hukinga meno ya watoto, hudhani hana haja ya kwenda mbali kuyatafuta. Habari hiyo ina ukweli, lakini kwa mtindi wetu wa kawaida, kinachoamua zaidi ni sukari tunayoutia.

Jino huoza pale bakteria wa kinywani, hasa Streptococcus mutans, wanapokula sukari na kutoa asidi. Asidi ikizidi, enameli, lile gamba gumu la nje, hupoteza madini yake. Probiotiki zinatarajiwa kuwabana bakteria hao. Mwaka 2001 watafiti wa Helsinki, Finland, walitoa matokeo ya watoto 594 wa mwaka 1 hadi 6 waliokunywa maziwa kwenye vituo vya kulelea watoto, siku 5 kwa wiki kwa miezi 7. Waliopewa maziwa yenye Lactobacillus rhamnosus GG walipungukiwa na hatari ya kuoza meno, hasa wa miaka 3 na 4. Wasweden nao walipata matokeo mazuri mwaka 2009, ila maziwa yao yalitiwa pia floridi, na floridi peke yake inajulikana kukinga meno. Huwezi kujua sifa apewe nani. Isitoshe, kila aina ya bakteria ina kazi yake. Fiti, mtindi ambao kina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza kuutengeneza Mwanza mwaka 2004 wakishirikiana na taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR, na chuo kikuu cha Western cha Kanada, una bakteria wa aina ya GR-1, na haukubuniwa kwa ajili ya meno. Mtindi wa kawaida una bakteria wa kugandisha maziwa. Kuwa hai hakuwafanyi kuwa dawa.

Atauliza mtu: mbona mtindi wenyewe ni mchachu, hautalila jino? Ni mchachu kweli, lakini umejaa kalsiamu na fosfati, madini yaleyale yanayojenga enameli, kwa hiyo asidi yake haina makali ya soda au juisi. Taabu huanza kijiko cha sukari kinapoingia kikombeni, au pale mzazi anapochukua yogati ya vanila akidhani ni kitu kilekile. Ageuze kopo asome: viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, na sukari mara nyingi hufuata maziwa moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na lactose, sukari ya asili ya maziwa, haimo katika hesabu hiyo. Kwamba mtoto hanywi bila sukari ni kweli kwa yule aliyekwisha kuzoeshwa. Huyo apunguziwe kidogokidogo, au apondewe ndizi mbivu ndani yake. Anayeanza leo hana cha kulinganisha. Na mtindi mtupu ukichukua nafasi ya soda au juisi ya pakiti, meno yamepata faida hata kama bakteria wake hawafanyi lolote.

Wengine husema meno ya utotoni yatang'oka tu, ya nini kuhangaika. Lakini jino bovu humnyima mtoto usingizi na chakula, na usaha wake unaweza kuharibu jino linaloota chini yake. Tena gego la kwanza la kudumu huota karibu na umri wa miaka 6 nyuma ya meno yote ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha, na wazazi wengi hulidhani ni la utotoni.