MOYO NA MAPAFU NI KAZI MOJA
Ufafanuzi kuhusu uchunguzi wa maradhi ya kukosa pumzi

Mtu anayetweta apandapo ngazi, au anayeshindwa kulala chali usiku, mara nyingi huambiwa na jamaa zake kuwa ana pumu au kuwa umri umekwenda. Huenda ikawa kweli. Lakini huenda pia asili ya maradhi yake imo ndani ya moyo, ingawa taabu anaiona katika mapafu. Ufafanuzi huu unatolewa ili watumishi wa Serikali na wananchi wote wafahamu kwa nini daktari hutaka viungo hivyo viwili vichunguzwe pamoja, na namna elimu hiyo ilivyopatikana.

Ni vyema ikaeleweka kwanza kwamba damu yote iliyokwisha kutumika mwilini hurudi upande wa kulia wa moyo, husukumwa hadi kwenye mapafu, huchukua oksijeni, kisha huingia upande wa kushoto wa moyo na kupelekwa mwilini. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, tabibu wa Sham aliyefanya kazi yake mjini Cairo, alikwisha kuandika kwamba damu hupita kwenye mapafu kutoka upande mmoja wa moyo hadi mwingine. Hata hivyo, kuijua njia ni jambo moja, na kupima kinachopita ndani yake kwa mtu aliye hai ni jambo jengine.

Mlango wa upimaji huo ulifunguliwa mwaka 1929 katika mji wa Eberswalde, nchini Ujerumani. Daktari kijana aitwaye Werner Forssmann alipitisha mrija mwembamba katika mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi ukafika moyoni, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei kupata picha ya ushahidi. Mkuu wake alikuwa amemkataza. Kazi yake haikupokewa vyema na wakubwa wa taaluma, na baadaye alihamia katika tiba ya maradhi ya njia ya mkojo.

Mrija huo ulipata matumizi makubwa nchini Marekani. Katika hospitali ya Bellevue, New York, madaktari André Cournand na Dickinson Richards walikuwa wakichunguza mapafu ya wagonjwa, nao walishikilia rai kwamba moyo, mapafu na mzunguko wa damu ni mfumo mmoja wenye kazi moja ya kubadilishana hewa. Kuanzia miaka ya 1940 waliutumia mrija kuchukua damu kutoka upande wa kulia wa moyo na kupima shinikizo lake. Mwaka 1956 wawili hao pamoja na Forssmann walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Hesabu waliyoitumia ilibuniwa na Adolf Fick mwaka 1870, nayo ni nyepesi. Tuseme mtu aliyepumzika anatumia mililita 250 za oksijeni kwa dakika. Kila lita ya damu itokayo kwenye mapafu ina mililita 200 za oksijeni, na kila lita inayorudi ina mililita 150. Hivyo kila lita imeacha mwilini mililita 50. Ukigawa 250 kwa 50 utapata lita 5, nacho ndicho kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa dakika moja. Moyo ulio dhaifu hudhihirika katika hesabu hiyo.

Uchunguzi wa namna hii ulibainisha mambo mawili yenye manufaa makubwa. La kwanza, maradhi ya mapafu huweza kuuharibu moyo. Mwaka 1947 Cournand na wenzake walionyesha kwamba mtu akivuta kwa muda mfupi hewa yenye oksijeni chache, shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu hupanda. Kwa mgonjwa ambaye mapafu yake yameharibiwa na sigara au moshi wa miaka mingi, hali hiyo huwa ya kudumu. Upande wa kulia wa moyo huelemewa na miguu huvimba.

La pili ni kinyume chake. Mtoto akipata maradhi ya koo, kisha homa na maumivu ya viungo, kilango cha upande wa kushoto wa moyo huweza kupata kovu na kuwa chembamba. Damu hurundikana nyuma yake hadi kwenye mapafu, na mgonjwa hukohoa na kukosa pumzi. Mtu kama huyo akitibiwa pumu kwa miaka, kilango huendelea kuharibika bila ya kujulikana.

Hivi leo uchunguzi huanzia kwa mashine ya mawimbi ya sauti, isiyomchoma mtu wala kumtia maumivu, na kipimo cha kupuliza pumzi. Mrija hutumika pale panapohitajika uhakika zaidi. Hapa Tanzania, kazi hiyo hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Aidha, ikumbukwe kuwa elimu hii imetokana na wagonjwa waliokubali kupimwa. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 linaweka wazi kwamba mtu anayeombwa kushiriki katika utafiti aelezwe madhumuni na hatari zake, na anayo haki ya kukataa au kujitoa.

Kwa hivyo, wananchi wanashauriwa kufika kituo cha afya mapema waonapo dalili za kutweta kusiko kwa kawaida, kuamka usiku kwa kukosa pumzi, kuvimba miguu au kukohoa damu. Mtoto mwenye maradhi ya koo apelekwe kwa daktari, na aliyeandikiwa sindano za penisilini za kila wiki 3 au 4 kwa kuhifadhi moyo asizikatize kwa sababu tu amepata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo kazi ya sindano.