Kufundisha Bei ya Fedha za Kigeni kwa Wanaoanza

Walimu wengi wa hesabu na wa maarifa ya biashara hulifikia somo la fedha za kigeni mwishoni mwa muhula, wakati ambapo muda umekwisha. Huandika kanuni ubaoni, kwamba ukienda huku zidisha na ukirudi gawanya, kisha hutoa mazoezi. Sisi wenyewe tulifundisha hivyo kwa miaka kadhaa. Siku moja tuliwauliza wanachuo wetu: mfanyabiashara wa Arusha amerudi kutoka Namanga na shilingi 4,000 za Kenya, ikiwa shilingi moja ya Kenya ni sawa na shilingi 20 za Tanzania, atapata ngapi? Karibu nusu ya darasa waliandika 200. Hao ni watu wazima wajuao kuzidisha na kugawanya barabara. Wasichokifahamu ni bei yenyewe: ni bei ya kitu gani, na inalipwa kwa kitu gani?

Tangu siku hiyo tumeacha kuanza na kanuni, tunaanza sokoni. Kilo moja ya sukari ikiwa shilingi 3,000, hakuna mtoto atakayeuliza kama azidishe au agawanye anapotaka kilo nne. Anajua kwamba sukari ni bidhaa na shilingi ni malipo. Basi fedha ya kigeni nayo ni bidhaa. Sarafu mbili zikitajwa pamoja kama jozi, ile ya kwanza ndiyo sukari, na ya pili ndiyo inayolipa. Tukiandika dola kwa shilingi, 2,600, maana yake ni kwamba dola moja inauzwa shilingi 2,600. (Bei zote katika makala haya ni za mfano, mwalimu atumie za siku yake.)

Hapo huzuka kosa la pili, nalo ni gumu kuliko la kwanza. Bei ikitoka 2,600 ikafika 2,700, wanafunzi huona tarakimu imekua, wakasema shilingi yetu imepanda. Mwalimu asibishane nao. Arudi kwenye sukari. Kilo ikitoka 3,000 ikafika 3,500, ni kipi kilichopanda, na shilingi yako imepata nguvu au imepungukiwa? Darasa hucheka, na jambo limeeleweka. Baadaye waonyeshwe kwamba dola huwa bidhaa katika jozi ya dola kwa yeni, lakini huwa malipo katika jozi ya yuro kwa dola. Huo ni utaratibu wa desturi za masoko tu, nao hauonyeshi ni sarafu ipi yenye heshima zaidi.

Sehemu ya tatu ni ubao wa duka la kubadilishia fedha. Ubao una safu mbili: kununua 2,580, kuuza 2,620. Anayenunua ni nani? Ni duka, wala si mteja. Hili halifundishiki kwa maneno. Tunawaweka wanafunzi wawili nyuma ya meza wawe wenye duka, na vipande vya karatasi viwe noti. Mteja anakuja na shilingi 1,000,000, ananunua dola kwa 2,620, anapata dola 381.68. Anageuka papo hapo na kuziuza. Duka linazinunua kwa 2,580, na mkononi mwake zinabaki shilingi 984,734 hivi. Bei haikusogea hata kidogo, naye amekwisha kupoteza zaidi ya shilingi elfu kumi na tano. Mwanafunzi aliyecheza nafasi hiyo hasahau kwamba pengo baina ya bei mbili ndilo chakula cha mwenye duka.

Historia nayo husaidia. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na kwa miaka mingi Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa shilingi yake, nazo zilianza kwa thamani sawa, moja kwa moja. Wanafunzi waulizwe imekuwaje leo shilingi moja ya Kenya inunue nyingi za Tanzania. Majibu yatahusu mfumuko wa bei, mauzo ya nje na maamuzi ya serikali. Mwalimu wa historia aalikwe. Aidha, mara nyingi bei baina ya shilingi hizo mbili hupatikana kwa kupitia dola: dola ikiwa shilingi 130 za Kenya na 2,600 za Tanzania, 2,600 kwa 130 ni 20. Si ajabu. Uchunguzi wa Aprili 2022 ulionyesha kwamba dola ilikuwa upande mmoja wa mauzo 88 katika kila 100 ya fedha za kigeni duniani.

Tungeishia hapo, lakini mwanachuo wetu mmoja wa zamani alikuja kututembelea akatueleza kwamba mishahara yake ya miezi mitatu ilipotea usiku mmoja katika biashara ya fedha za kigeni kwa simu. Kuzidisha na kugawanya alikujua; sisi ndio tuliomfundisha. Asilolijua ni kwamba aliruhusiwa kushika fedha za thamani mara 100 ya amana yake. Aliyeweka laki moja hushika milioni kumi. Bei ikimwendea kinyume kwa asilimia moja tu, laki yote imekwisha. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya fedha ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba katika mikataba ya namna hii, inayohusu pia bidhaa nyingine, akaunti 74 hadi 89 katika kila 100 za wateja wadogo hupata hasara. Ikaweka kikomo cha mara 30 kwa jozi kuu za sarafu.

Kwa hiyo vipindi vyetu vitatu vimekuwa vinne. Katika hicho cha nne wanafunzi huandika laki moja juu ya ukurasa, hutupa shilingi hewani ili kuamua kama bei imepanda au imeshuka kwa robo ya asilimia, na hutoa au kujumlisha 25,000 kila mara, wakikumbuka kukata pengo la mwenye duka kila wanapofungua biashara. Tunahesabu ni wangapi wangali na fedha kengele inapolia.