Bomu Likianguka Pasipo Pake, Nani Ajibu?

Swali la makala hii ni fupi, lakini jibu lake limewatoa jasho wakubwa wa dunia kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, tangu mwaka 1911 Mwitalia mmoja alipoangusha mabomu ya kwanza kutoka katika eropleni huko Libya. Eropleni ya vita ikiangusha bomu likawapata watu wasiopigana, kama mama aliye sokoni, mtoto aliye darasani au mgonjwa aliye kitandani, ni nani awezaye kuitwa akajibu? Naye ajibu nini?

Mtu aweza kudhani kwamba mambo haya ni ya wanasheria wa Ulaya tu. Mimi naona sisi watu wa milimani tuna njia ya kuyafahamu upesi kuliko watu wa nchi tambarare. Huku Usambara nyumba ya mtu iko chini ya shamba la mwenziwe, na shamba lile liko chini ya msitu. Mwenye kukata mti kule Shume, au mwenye kung'oa jiwe shambani juu ya Soni, ajua vema kwamba kitu kikimponyoka hakitasimama mpaka kimefika kwa watu. Kwa hiyo kabla ya kushika msumeno hutazama mti umeinamia wapi. Hutuma kijana chini njiani awazuie wapitao, kisha hupiga kelele. Na ikiwa ni saa ya watoto kutoka shuleni, hungoja.

Sasa mti ule ukiporomoka ukabomoa nyumba na kumuumiza mtu, wazee wakikaa kuamua hawaanzi kwa kuuliza, "Je, ulikusudia?" Wajua kwamba hakukusudia. Wauliza: Ulitazama? Ulimtuma mtu chini? Kwa nini hukungoja? Na ulipoona umeumiza, ulishuka kusaidia au ulikwenda zako? Anayesema "Sikukusudia" amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Sheria ya vita ya mataifa, baada ya kuzunguka sana, imefika karibu na hapo hapo. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1907 ulisema kwamba serikali iliyovunja sheria za vita italipa fidia, na kwamba itawajibika kwa matendo yote ya watu wa jeshi lake. Maneno mazuri, lakini hayakuwa na meno. Mwaka 1935 eropleni za Italia zilipiga hospitali ya Msalaba Mwekundu ya Waswidi karibu na Dolo, kusini ya Ethiopia, na katika vita ile ile Waitalia walimwaga sumu ya gesi kutoka angani. Mkataba wa Paris wa mwaka 1947 uliitaka Italia iilipe Ethiopia dola milioni 25 kwa ajili ya vita, lakini Jemadari Badoglio, aliyeiongoza vita hiyo, hakushtakiwa kwa mambo hayo hata akafa. Serikali ya Italia ilikiri habari ya gesi mwaka 1996, yaani baada ya miaka sitini.

Mwaka 1977 mataifa yaliongeza itifaki katika Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, na Tanzania iliikubali itifaki hiyo mwaka 1983. Humo, katika kifungu cha 57, ndimo yalimo maswali ya wazee wetu, ingawa yamevaa suti. Mwenye kupanga shambulio hana budi kuhakikisha kwamba kitu anachokipiga ni cha vita kweli. Yampasa achague silaha na njia itakayopunguza madhara kwa raia, yaani watu wasiopigana. Yampasa aonye mapema, hali ikiruhusu. Na akiona kwamba madhara yatakayowapata raia ni makubwa mno kuliko faida ya vita anayoitazamia, yampasa aache. Msomaji aangalie vizuri hapa. Sheria haisemi kwamba kila raia akifa pana kosa. Uwanja wa eropleni za jeshi waweza kupigwa kwa halali, na mtu aliye jirani akafa, na sheria isivunjwe. Wengi hawalipendi neno hili, lakini ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu uangalifu wa kabla ya tendo ndio unaochunguzwa zaidi.

Nchi yetu wenyewe imeyaonja mambo haya. Mwezi Septemba mwaka 1972, baada ya wafuasi wa Obote kuingia Uganda kutoka Tanzania, eropleni za Idi Amin ziliupiga mji wa Bukoba na kisha Mwanza, na raia wakauawa. Mwezi Oktoba mwaka ule ule serikali mbili zilifanya mapatano huko Mogadishu. Mapatano yale yalishughulika na majeshi kurudi nyuma kilometa 10 kutoka mpakani na kila upande kuacha kuwasaidia maadui wa mwenziwe. Habari ya mjane wa Bukoba haikuwa ndiyo shughuli yake.

Ikaja vita ya Kagera. Tarehe 29 Machi 1979 eropleni kubwa ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilikusudia kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza. Mabomu yakakosa, yakaangukia kisiwa cha Saanane, na wanyama waliohifadhiwa pale wakafa. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, nami sioni cha kuchekea, maana kisiwa kile ki karibu sana na mji. Siku chache baadaye eropleni zetu zilijibu kwa kupiga matangi ya mafuta huko Uganda, katika Kampala, Jinja na Tororo. Wapo wazee hapa wilayani waliokwenda vita ile, na wana haki ya kujivunia kumwondoa Amin. Hata hivyo mwanafunzi wa sheria hana budi kuuliza juu ya matangi ya Jinja maswali yale yale anayouliza juu ya matangi ya Mwanza: nani alikuwa jirani, na ni uangalifu gani uliofanywa? Sheria isiyouliza pande zote mbili ni hasira tu.

Katika mambo hayo yote hapakuwa na baraza lililokaa likauliza. Liko moja lililokaa, nalo halikuwa mbali na kwetu.

Mji wa Mekele uko Tigray, kaskazini ya Ethiopia, katika nchi ya juu yenye baridi kama huku kwetu. Mwaka 1998 Ethiopia na Eritrea ziliingia vitani kwa sababu ya mpaka. Tarehe 5 Juni eropleni za Eritrea zilitumwa kupiga uwanja wa eropleni wa Mekele, ambao jeshi la Ethiopia lilikuwa likiutumia. Eropleni mbili kati ya hizo hazikuangusha mabomu yao uwanjani. Yaliangukia mtaa wa Ayder, penye shule. Tena yalikuwa mabomu ya mtawanyiko, yaani bomu kubwa linalofunguka angani na kumwaga vibomu vidogo vingi mahali papana. Kwa hesabu ya Ethiopia walikufa watu 53, na kati yao 12 ni watoto wa shule. Waliojeruhiwa ni 185, na kati yao 42 ni watoto wa shule. Ethiopia ilisema pia kwamba bomu la pili liliwakuta watu waliokuja mbio kuwaokoa wa kwanza.

Vita ilipokwisha, mapatano ya Algiers ya Desemba 2000 yaliunda Tume ya Madai, yenye makamishna watano, ikae The Hague na kusikiliza madai ya kila upande. Ethiopia ilidai kwamba shule ile ilipigwa makusudi. Eritrea ikajibu kwamba lilikuwa kosa, na kwamba ilikusudia uwanja tu. Hapa ndipo mtu angetazamia kesi iishe: ama ni makusudi na mtu ana hatia, ama ni bahati mbaya na pole sana.

Tume haikufanya hivyo. Katika uamuzi wake wa Aprili 2004 ilisema kwamba haikushawishika kuwa Eritrea ilikusudia kuwapiga raia. Lakini ikaendelea kuuliza. Mabomu ya eropleni mbili yawezaje kukosa namna ile, tena yakaangukia mtaa mmoja? Marubani na mafundi waliotengeneza hesabu za kompyuta zao walikuwa na ujuzi gani wa kazi ile? Na baada ya kujua lililotokea, Eritrea ilifanya nini ili lisitokee tena? Tume ikaamua kwamba uangalifu uliopasa haukuwapo, na kwamba kutochukua hatua baadaye kulizidisha kosa. Kwa hiyo Eritrea ikahukumiwa, ingawa haikukusudia. Ilikuwa haijajiunga na ile itifaki ya 1977, lakini Tume ilisema kwamba kanuni hizi zimekwisha kuwa desturi ya mataifa yote, na mtu hawezi kuzikwepa kwa kutotia sahihi.

Wala Tume haikuiacha Ethiopia. Mwaka 2005 iliamua kwamba eropleni za Ethiopia zilivunja sheria kwa kulipiga bwawa la maji la Harsile, lililowanywesha watu wa mji wa Assab huko Eritrea. Watoto wa Lushoto wanaochota maji ya bomba watafahamu maana ya jambo hilo bila kuelezwa.

Fidia ya Mekele ilitajwa Agosti 2009: dola milioni 2 na nusu kwa vifo, majeraha na mali iliyoharibika. Tuzigawanye kwa hesabu ya haraka. Waliokufa na waliojeruhiwa, kwa hesabu ile ya Ethiopia, ni watu 238. Basi ni kama dola 10,500 kwa kila mmoja, nasi tumeiacha mali kando. Lakini hata hiyo haikuwa ya mzazi kwenda kuipokea dirishani. Mdai alikuwa serikali ya Ethiopia na mdaiwa serikali ya Eritrea, na kila moja ilikuwa imehukumiwa kumlipa mwenziwe, Eritrea zaidi ya dola milioni 170 na Ethiopia zaidi ya milioni 160. Tume haikuwa na polisi wa kukusanya deni. Huu ni udhaifu mkubwa, na wazazi mtakaosoma makala hii msidhani nauficha. Hata hivyo kilichopatikana si kidogo: imeandikwa, na haifutiki, kwamba watoto wa Ayder hawakufa kwa bahati mbaya tu.

Ili kuona thamani ya jambo hilo, tutazame Somalia, ambako baraza kama lile halijakaa. Tarehe 30 Oktoba 2011 eropleni za Kenya zilipiga mji wa Jilib. Madaktari Wasio na Mipaka walisema kwamba kambi ya watu waliohama makwao ilipatwa, na kwamba wengi wa majeruhi waliowapokea ni watoto. Jeshi la Kenya lilisema halikupiga kambi. Madhara yaliletwa na gari la al-Shabaab lililokuwa likiwaka moto na kuingia kambini likiwa na risasi na baruti. Maneno mawili, hakimu hakuna, na mpaka leo kila mmoja ana lake.

Wamarekani nao walishambulia kwa eropleni karibu na El Bur mnamo 1 Aprili 2018, wakatangaza kwamba wameua magaidi watano na kwamba hakuna raia aliyeumia. Baada ya mwaka mmoja, shirika la Amnesty lilipokuwa limetoa taarifa yake juu ya mashambulio ya Somalia, jeshi la Marekani lilitazama tena kumbukumbu zake, likakiri kwamba waliuawa mwanamke na mtoto. Tangu mwaka 2020 likaanza kutoa taarifa kila miezi mitatu juu ya malalamiko ya namna hii, jambo jema. Bunge lao lilikuwa limekwisha kuruhusu hadi dola milioni 3 kwa mwaka za kuwafariji walioumizwa na jeshi lao katika nchi za nje. Lakini Desemba 2023 mashirika ya haki za watu yalimwandikia Waziri wa Ulinzi wa Marekani barua, kwa kuwa jamaa za mwanamke yule walikuwa bado hawajalipwa hata senti. Kukiri bila kushuka mlimani kumtazama uliyemwumiza ni nusu ya kazi.

Naweka mwisho habari inayonisumbua zaidi. Jina la Ayder sasa ni la hospitali kubwa ya Mekele. Tarehe 22 Juni 2021, katika vita ya Tigray, eropleni ilipiga soko la Togoga, magharibi ya mji huo, siku ya gulio. Makumi ya watu waliuawa. Magari ya wagonjwa yaliyotoka Mekele kwenda kuwachukua majeruhi yalizuiwa njiani na askari, na waliofika hatimaye walilazwa katika hospitali ile ya Ayder. Jeshi lililokiri kupiga lilikuwa la Ethiopia yenyewe, nalo lilisema kwamba waliopigwa ni wapiganaji waliovaa nguo za kiraia. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliunda tume ya wataalamu kuchunguza vita ile mwezi Desemba 2021. Muda wake ulikwisha Oktoba 2023, na hakuna nchi hata moja iliyosimama kuomba uongezwe.