Tujaribu njia kabla ya kuuliza watu

Kabla ya kuuliza nyumba chache kwa niaba ya zote, tujaribu njia yetu kwa hesabu za kubuni. Chukua karatasi 100. Kwenye 80 andika 40, yaani dakika za kufika penye maji kijijini. Kwenye 20 andika 10, za mjini. Wastani wa kweli ni 34. Changanya zote, toa 10, kisha rudia mara nyingi. Zikitoka 4 za mjini, wastani ni 28. Isipotoka hata moja, ni 40. Lakini ukitenga makundi na kutoa 8 za kijiji na 2 za mji, unapata 34 kila mara. Nyumba za kweli hutofautiana zaidi, ila fundisho linabaki: tunapotafuta pa kuchimba kisima, bahati isiamue nani asahauliwe.