Hisa za nyumba za ukoo: Mali ipo, ufunguo anao nani?

Mwezi Agosti kampuni ya nyumba ya Mountview Estates ya London huitisha mkutano mkuu wa wanahisa wake, na mara kadhaa katika miaka ya karibuni umeonekana mchezo uleule. Wanahisa wasio wa ukoo wanapiga kura kuwakataa wakurugenzi wa bodi wanaoitwa huru. Kura zao zinahesabiwa kando, na wakurugenzi hao wanaanguka. Miezi mitatu au minne baadaye unaitishwa mkutano mwingine. Safari hii kura zote zinatiwa kwenye kapu moja, ukoo wenye zaidi ya nusu ya hisa unapiga za kwake, na wakurugenzi walewale wanarudi kwenye viti vyao.

Hakuna sheria iliyovunjwa. Tangu mwaka 2014 kanuni za soko la hisa la London zimetaka kampuni yenye mwanahisa mkuu, yaani anayeshika asilimia 30 au zaidi, iwape wanahisa wengine nafasi ya kupiga kura yao peke yao wanapochaguliwa wakurugenzi huru. Wakikataa, kampuni inasubiri siku 90, kisha inarudia kura na wote kwa pamoja. Wanyonge wamepewa sauti. Uamuzi umebaki palepale ulipokuwa.

Pamoja na hayo, watu wenye akili zao wanaendelea kununua na kushikilia hisa hizi, tena kwa bei ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikizunguka paundi 100 kwa hisa moja. Hisa zote za kampuni hazifiki hata milioni nne, na siku nyingine zinazobadilishana mikono ni chache mno. Sababu ya uvumilivu huo iko ndani ya nyumba zenyewe.

Mountview ilianzishwa mwaka 1937 na ndugu wawili, Frank na Irving Sinclair, na jina la Sinclair lingali ndilo lenye nguvu hadi leo. Biashara yake ni rahisi kuielewa, ingawa si wengi wanaoweza kuisubiri. Kampuni hununua nyumba na fleti ambazo tayari zina wapangaji wa aina ya pekee: wale walioingia kabla ya tarehe 15 Januari 1989 na ambao wanalindwa na sheria ya kodi za nyumba ya mwaka 1977. Mpangaji wa namna hiyo ana haki ya kukaa maisha yake yote. Kodi yake haipangwi na mwenye nyumba. Hupangwa na ofisa wa serikali, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, na huwa chini ya ile ya mtaani. Akifariki, mume au mke anayebaki anaweza kurithi upangaji huo.

Nani atake kununua nyumba ambayo hawezi kuikalia, hawezi kupandisha kodi apendavyo, wala hawezi kumwondoa aliyemo? Ndiyo maana nyumba hizo huuzwa kwa bei iliyopunguzwa sana. Mountview hununua, hukusanya kodi ndogo, hutengeneza paa linapovuja, na kungoja. Siku mpangaji anapohama au kufariki, nyumba inakuwa tupu na kuuzwa kwa bei kamili ya soko.

Chukua mfano wa hesabu. Nyumba ambayo ikiwa tupu ingeuzwa paundi 300,000 inanunuliwa kwa 210,000 kwa sababu ina mpangaji. Inapita miaka 12, bei za London zinapanda, nyumba inaachwa wazi na kuuzwa 450,000. Faida ya 240,000 ina vyanzo viwili: 90,000 ni lile punguzo la siku ya kwanza, na 150,000 ni kupanda kwa soko. Hata kama bei za nyumba zingelala usingizi miaka yote hiyo, mnunuzi bado angepata kitu. Huo ndio mto wa kulalia ambao kampuni nyingi za nyumba hazina.

Sasa ni hapa ambapo mwekezaji mwenye subira hufungua macho. Kampuni za kawaida za majengo hupima upya mali yao kila mwaka na kuandika thamani mpya kwenye mizania. Mountview haifanyi hivyo. Kwa kuwa inanunua ili iuze, nyumba zake zinahesabiwa kama bidhaa dukani, sawa na magunia ya mchele ya mfanyabiashara wa Kariakoo, na bidhaa huandikwa kwa bei ya kununulia. Ile nyumba ya mfano wetu ingesomeka 210,000 vitabuni tangu siku ya kwanza hadi siku ya mwisho. Mwaka 2014 kampuni iliwaita wathamini wa nje, na hesabu yao ikatoka takriban mara mbili ya ile iliyoandikwa kwenye mizania.

Wapo wanaosikia habari hiyo wakakimbilia kwa dalali. Wangefaa kupunguza mwendo kidogo. Thamani iliyofichika haitoki yote kwa mara moja. Inatoka nyumba moja moja, kwa kasi ya uzee wa binadamu. Ikitoka, serikali inachukua kodi ya mapato ya kampuni, ambayo tangu Aprili 2023 ni asilimia 25 kwa kampuni kubwa za Uingereza. Tena ghala haliwezi kujazwa milele. Tangu mwaka 1989 hakuna upangaji mpya wa aina hiyo unaozaliwa, na kila mwaka waliobaki wanapungua. Mfanyabiashara wa mchele huagiza mwingine, lakini mwenye biashara hii atanunua tu kilichosalia sokoni, akishindana na wengine waliokwisha kuigundua siri.

Kuna pia jambo ambalo taarifa za fedha hulitaja kwa lugha laini ya “nyumba kuwa wazi”. Faida kubwa ya kampuni hupatikana mzee anapokufa. Wanaoitetea biashara hii wanasema mpangaji haondolewi, kodi yake inalindwa, na mwenye nyumba mpya anabeba wajibu wote wa yule wa zamani. Na hayo ni kweli. Ila mtu anayeshika hisa hizi na ajue anashika nini. Wakenya wana ndugu wa mbali wa sheria hiyo, ile ya kudhibiti kodi za nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, ingawa kima hicho kimeachwa nyuma na maisha ya Nairobi kiasi kwamba wanaoguswa nacho ni wachache.

Swali gumu zaidi si la nyumba wala la wapangaji. Ni la ukoo. Mwanahisa mdogo anaona mali, anaona gawio linaingia mara mbili kwa mwaka, lakini hana njia ya kuilazimisha kampuni iuze haraka, ipunguze mishahara ya wakubwa au ipime upya nyumba zake kila mwaka. Yeye ni abiria. Dereva akiwa makini na asiyependa madeni, kama ukoo wa Sinclair ulivyosifika kwa muda mrefu, abiria anafika salama. Na ukoo wenye mali yake humo ndani una sababu ya kuwa makini, kwani hasara ya kampuni ni hasara ya wajukuu wao. Ubaya unakuja siku maslahi ya dereva na ya abiria yanapoachana njia.

Siku hiyo iliwafikia wanahisa wa Daejan Holdings mwaka 2020. Kampuni hiyo ilianza maisha yake kama kampuni ya mashamba, kisha mwaka 1959 ikachukuliwa na ukoo wa Freshwater, uliotumia jina lake sokoni kujenga himaya ya nyumba na majengo nchini Uingereza na baadaye Marekani. Ukoo na taasisi zake ulishika karibu asilimia 80. Kwa miaka mingi hisa ziliuzwa chini sana ya thamani ya mali, na watu walinunua wakijiambia kwamba ipo siku pengo litazibika.

Lilizibika nusu. Februari 2020 ukoo ulitangaza kuwanunua wengine wote kwa paundi 80.50 kwa hisa. Bei hiyo ilizidi ile ya sokoni kwa zaidi ya asilimia 50, na aliyekuwa amenunua karibuni aliondoka akicheka. Lakini thamani ya mali kwa kila hisa, kwa vitabu vya kampuni yenyewe, ilikuwa imepita paundi 100. Aliyesubiri miaka 20 ili apate thamani kamili alipewa hundi, na tofauti ikabaki kwa ukoo. Angefanya nini? Kukataa ofa kulimaanisha kurudi kwenye hisa isiyo na wanunuzi, katika kampuni ambayo mwenyewe ameshaonyesha kwamba hataki wageni tena. Wengi walikubali, na miezi michache baadaye jina la Daejan lilitoka sokoni.

Afrika Mashariki imeliona jambo la jamaa hiyo kwa macho yake. REA Vipingo ilikuwa kampuni ya katani kwenye soko la Nairobi, yenye mashamba Kenya na mkoani Tanga. Aliyeisoma kama kampuni ya katani aliona kamba na magunia. Aliyetembea barabara ya Mombasa kwenda Malindi aliona maelfu ya ekari pembeni mwa bahari, kwenye pwani ambayo kila mwenye fedha alitaka kujenga nyumba. Mwishoni mwa 2013 mwanahisa mkuu, REA Trading, kampuni ya kifamilia iliyoshika asilimia 57, ilitaka kuwanunua wengine kwa shilingi 40 za Kenya kwa hisa.

Hapo ndipo hadithi ya Kilifi inapotofautiana na ya London. Centum ilijitokeza na shilingi 50. Mnada ukawaka, na hadi mambo yanatulia bei ilikuwa imefika 85, zaidi ya mara mbili ya ofa ya kwanza. Centum iliondoka na takriban ekari 10,000 za Vipingo, ambako sasa inaendeleza mji, na mwaka 2015 hisa zikaondolewa sokoni. Asilimia 57 iliacha mlango wazi kidogo, kiasi cha mshindani kupenyeza mguu. Asilimia 80 ya Daejan haikuacha hata ufa.

Kwa hiyo msomaji wa Kampala, Kigali au Dar es Salaam anayepewa hisa ya kampuni ya nyumba yenye jina la ukoo mlangoni hana budi kuanza na ukurasa wa wanahisa wakuu, kabla ya ule wa mali. Ukoo una kiasi gani, na je, ndugu wanapiga kura pamoja? Mali imeandikwa kwa bei ya kununulia au ya leo? Gawio limelipwa hata katika miaka mibaya kama 2009? Ukoo wenyewe unanunua hisa zaidi, na kwa bei gani? Na fedha za ada ya shule ya mwakani zisiguse hisa za namna hii, kwa sababu siku ya kuuza huenda mnunuzi pekee aliyepo akawa ni ukoo wenyewe.

Huko Mountview, wale wanaokataa wakurugenzi kila mara wanajua kwamba watashindwa kwenye kura ya pili. Kampuni, kwa kanuni za uongozi bora za Uingereza, hulazimika kueleza hadharani ni kwa nini theluthi au nusu ya wanahisa wake wamepinga, na maelezo hayo hubaki kwenye kumbukumbu za soko kwa yeyote anayetaka kuyasoma kabla ya kununua.