Mabwawa ya Rekodi kwa Hesabu ya Ndoo

Huku Ihanja, wilayani Ikungi mkoani Singida, maji tunayahesabu kwa ndoo na dumu la lita 20. Nimeyapima mabwawa ya kuogelea yenye sifa kubwa duniani kwa kipimo hichohicho.

Kwa kina, Deep Dive Dubai liliweka rekodi ya dunia mwaka 2021: mita 60 kwenda chini, lita milioni 14. Ni ndoo 700,000. Kwa urefu, San Alfonso del Mar la Algarrobo, nchini Chile, lilitikisa dunia lilipofunguliwa mwaka 2006. Lina zaidi ya kilomita moja, lita milioni 250, yaani ndoo milioni 12 na nusu! Ila maji yake ni ya bahari ya Pasifiki, yanavutwa na kuchujwa; hakuna kisima kilichokaushwa kwa ajili yake. Bwawa la ukubwa wa Olimpiki, likiwa mita 50 kwa 25 na kina cha mita 2, hula ndoo 125,000.

Sasa turudi nyumbani. Zidisha urefu kwa upana kwa kina cha wastani. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye mita 1 upande wa watoto na mita 2 upande wa pili, lina kina cha wastani cha mita 1.5. Ni mita za ujazo 48: dira itasoma uniti 48, lita 48,000, ndoo 2,400. Ndoo ikiwa shilingi 50, andaa 120,000. Ikipanda hadi 500, andaa milioni 1.2. Punda abebaye madumu manne atakwenda kisimani na kurudi mara 600.

Na bwawa likijaa, gharama haijaisha. Jua na upepo wa Singida vikipunguza milimita 5 tu kwa siku, zimekwenda lita 160, ndoo nane. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka kwake. Maji ya watu sita yanapaa hewani kila siku, na hakuna aliyeoga. Mama anayetoka kisimani huweka jani juu ya ndoo yake ili maji yasimruke njiani, maana kila kata ina kazi yake nyumbani. Kwangu mimi, ndoo hiyo isiyomwagika ndiyo rekodi nzito kuliko ya Dubai.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu. Lakini paa la bati la mita 10 kwa 8, likipata milimita 600 kwa mwaka na tone lisipotee, hukinga lita 48,000: ndoo zilezile 2,400. Wewe unayetaka kuchimba bwawa, anza na mifereji ya paa na tangi.